Mshale wa Kurudi

Jumatano, 30 Aprili

Leo Klabu ya Kompyuta imekutana mara ya kwanza muhula huu. Kim alikuja kututembelea. Alisoma hapa, sasa yuko chuo kikuu, na ndiye aliyeandika Zamu alipokuwa Kidato cha Nne.

Zamu ni programu inayotuma ujumbe kwa kila nyumba ya Mradi wa Maji wa Gathima jioni moja kabla ya siku yake ya kupata maji. Msimbo wake uko wazi kwenye intaneti. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuchukua nakala, kurekebisha kitu na kukirudisha ili wote wafaidike. Miradi mingine mitatu ya maji imeanza kuitumia, mmoja uko mbali kule Nanyuki.

Kim alisema mwezi wa Agosti anaenda mafunzo ya kazini na hatakuwa na nafasi.

"Sitaki kuwa mtu pekee anajua hii kitu," alisema. "Nikiugua mtakaa bila maji? Kufikia siku ya kufunga shule nataka watu watatu, si mmoja, ambao sikuwaketisha chini nikawafundisha, wawe wameleta marekebisho yao. Wakikosekana nazima, kamati ya maji irudie kitabu cha zamu."

Kitabu nakijua. Nyumba yetu ni ya mwisho kabisa kwenye laini ya mwisho. Mama husema kwenye kitabu sisi tulikuwa tunaandikwa nyuma ya jalada.

Kim aliuliza nani atajaribu. Niliinua mkono hadi kwenye bega. Hakuuona.

Jumamosi, 3 Mei

Madam Phyllis, mwalimu wetu wa klabu, hufungua maabara Jumamosi hadi saa sita. Nilikuwa peke yangu. Nilifungua maelezo ya kuwakaribisha wachangiaji wapya. Yana kurasa kumi na tisa na nimeyapenda, kwa sababu Kim anaandika vizuri na hakuna sentensi ya uongo hata moja. Lakini ukurasa wa pili unasema, "Hakikisha nakala yako inafuata ile ya juu." Juu ya nini? Nakala yangu iko wapi? Nilisoma mara nne. Niliandika kwenye daftari: *nimekwama ukurasa wa 2, mstari wa 6.*

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Stima ilipotea saa nne. Hakuna klabu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwama ukurasa wa 2, wa 5, wa 8 na wa 8 tena.

Jumatano, 14 Mei

Kim alikuwepo. Nilishindwa kumwuliza kwa mdomo, kwa hivyo niliandika maswali yangu manne kwenye karatasi nikamwekea mezani. Gikonyo, tunayekaa naye dawati moja, aliona.

"Haki Kabura! Unaandikia mtu barua na yuko hapo mita mbili? Weka stempu basi."

Darasa lilicheka. Kim alisoma karatasi na kusema yote yako kwenye maelezo. Nikamwonyesha pale nilipokwama. Alijaribu kunieleza kwa maneno yaleyale ya ukurasa wa pili, akaona uso wangu, akaacha. Kisha akageukia dirisha. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi zetu, na akaanza kuchora kwa kidole.

"Hii ndiyo Zamu yenyewe, ile asili. Hii ni nakala yako, bado iko kwa intaneti. Hii ni mashini yako hapa. Unatoa hapa, unaleta hapa, unarekebisha hapa. Halafu unairudisha. Umeona?"

Niliona. Kwa dakika moja niliona kitu ambacho kurasa kumi na tisa hazikunionyesha. Nilitaka kuuliza kwa nini mchoro ule hauko kwenye maelezo, na safari hii nikauliza.

"Hiyo si maandishi," alisema. "Ni kukwaruza tu." Akapangusa kioo kwa mkono wa sweta aone kama mvua imeisha.

Nimekuwa nikifikiria jambo hili tangu saa kumi. Yeye mwenyewe anaielewa Zamu kama picha. Amekaa akaigeuza picha hiyo kuwa maneno kwa ajili yetu, akidhani ametusaidia. Ni watu wangapi wanaofanya hivyo?

Jumamosi, 17 Mei

Nilimwomba Madam Phyllis karatasi ya manila. Aliniuliza ni ya nini, nikasema ni ya kuchora programu. Alinipa mbili.

"Moja ni ya kuharibu," alisema.

Jumatano, 21 Mei

Nimeharibu moja.

Nilikuwa nimechora kila kitu: faili zote, hatua zote, hata mahali ujumbe unapopitia kabla ya kufika kwa simu. Visanduku thelathini na vinne. Niliona mchoro ni mzuri mno. Nilimwomba Gikonyo aufuate aone kama anaweza kuiwasha Zamu bila kuniuliza.

"Hii ni ramani ya stima ya Kenya nzima," alisema. Lakini aliketi.

Sikusema kitu. Kunyamaza ni rahisi kwangu. Niliangalia kidole chake. Kiligusa kisanduku cha kwanza, kikaruka hadi cha tisa, kikazunguka, kikapanda juu, kikasimama hewani. Baada ya dakika sita alisema, "Wapi pa kuanzia?"

Pa kuanzia palikuwa katikati. Nilikuwa napajua tangu mwanzo, kwa hivyo sikuona haja ya kupaandika.

Jumamosi, 24 Mei

Mchoro mpya una visanduku vitatu tu. Asili iko juu, nakala iko katikati, mashini yako iko chini. Mishale minene inashuka. Kando kuna mstari wa nukta unaorudi juu. Kila mshale una amri moja ya kuandika na jambo moja unalopaswa kuliona kwenye skrini likifaulu. Chini kabisa nimeandika tatizo moja dogo ambalo mgeni anaweza kulishughulikia siku ya kwanza.

Mama aliuona nilipokuwa namalizia Mlima Kenya kwenye kona, mezani jikoni.

"Hiyo ni laini ya maji?"

"Ni ya kompyuta."

"Inafanana na ya maji. Tangi, mfereji, sisi."

Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Jumatano, 28 Mei

Kidole cha Gikonyo kilishuka kutoka juu hadi chini bila kusimama. Dakika kumi na moja na Zamu ikawaka kwenye mashini yake. Alishtuka mwenyewe. "Ati imekubali?"

Kim aliweka mchoro mwanzoni mwa maelezo, akatangaza pia kwenye kundi la miradi mingine. Hakufurahi sana. "Nakupa hadi katikati ya Juni," alisema. "Isiposaidia naitoa. Picha ni za watu hawataki kusoma."

Jumatano, 4 Juni

Nakala zilizochukuliwa: tano. Marekebisho yaliyorudi: sifuri.

Jumatano, 11 Juni

Baridi imefika kikweli. Ukungu hautoki kwenye uwanja hadi saa tano. Nakala: tisa. Yaliyorudi: sifuri.

Jumatano, 18 Juni

Nakala kumi na tatu. Sifuri. Kim alikuja na koti kubwa na macho mekundu, ana mitihani. Nilidhani ataondoa mchoro, ila aliutazama tu.

"Unajua maelezo nilianza kuandika mara ngapi? Tatu. Nilijua kuna mtu atakwama, lakini hakuna aliyewahi kuniambia ni wapi. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea mstari wa sita." Alikunja karatasi yangu ya maswali, ile ya mwezi wa Mei, akairudisha mfukoni. "Watu wanapenda picha, Kabura. Kazi hawapendi."

Muhula wote nimemwona kama mtu mwenye majivuno. Leo nilimwona kama mtu aliyeweka meza ya wageni na kukaa peke yake miaka miwili.

Lakini sikubaliani naye kuhusu kazi. Watu kumi na watatu hawawezi wote kuwa wavivu kwa namna ileile.

Jumatano, 25 Juni

Kumi na nne. Sifuri.

Jumatano, 2 Julai

Kumi na nne. Sifuri. Leo ilikuwa zamu yetu ya maji. Tumejaza mapipa yote.

Alhamisi, 10 Julai

Bomba kubwa limepasuka karibu na msitu. Fundi wa maji anasema ni siku nne.

Jumamosi, 12 Julai

Zamu yetu huja kila baada ya siku kumi, na ilikuwa leo. Jana jioni simu ya Mama ililia: "Kesho ni zamu yenu ya maji." Bomba ni kavu kama kijiti. Programu haijui kwamba kuna bomba duniani, inajua tarehe tu. Na ikishatuma ujumbe inahesabu kwamba tumepata, kwa hivyo zamu yetu inayofuata ni tarehe 22. Siku ishirini bila maji.

"Simu imeniambia maji iko," Mama alisema, akimwonyesha ng'ombe ile simu. "Basi kunywa simu."

Nilicheka, halafu tukaenda mtoni mara tano. Mteremko ni mkali na matope yamelainika kwa manyunyu. Safari ya nne Mama aliteleza akamwaga mtungi wote. Aliuokota akashuka tena.

Jirani alisema kamati imekasirika na wanataka kitabu kirudi hata kabla ya shule kufungwa. Nilimpigia Kim. Alisema kurekebisha hilo kunahitaji wiki nzima yake na ana mitihani hadi tarehe 25. Zamu iliyopotea ipangiwe saa za jioni zilizo wazi, ndiyo kazi yenyewe. Anaijua. Hana siku.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya kanisa niliandika barua kwa wale watu kumi na wanne. Kwenye ukurasa wa mradi kila aliyechukua nakala anaonekana kwa jina, na unaweza kumwachia ujumbe. Niliandika barua ndefu ya kueleza tatizo la maji, nikaifuta. Nikaandika nyingine ya kuomba msaada, nikaifuta. Mwisho nikabaki na hii: *Mimi ndiye niliyechora mchoro wa mwanzo. Sitaki kumlaumu mtu. Naomba kujua tu ulifika wapi na ni nini kilichokusimamisha. Kabura.* Nikaongeza namba ya Mama.

Jumatatu, 14 Julai

Nilituma saa ya mapumziko kisha nikajificha maktaba, kana kwamba wangeweza kuniona.

Jumanne, 15 Julai

Nilikuwa nakatia ng'ombe majani, Mama akaja na simu akiinyoosha mbele kama kitu cha moto. "Kuna msichana wa Mwea anakutaka."

"Wewe ndio Kabura?" Sauti ilikuwa kubwa, na nyuma yake mashine ilinguruma. "Naitwa Wachuka. Niko kwa kinu cha mchele, ongea kwa nguvu. Mbona sauti yako ni kama ya mtu ako ndani ya kabati?"

Nilisema pole.

"Usiseme pole, sema mnangoja nini! Mimi nilimaliza kazi tarehe ishirini mwezi wa sita."

"Kazi gani?"

"Ya zamu iliyopotea. Hapa kwetu zamu za maji ya mpunga zinapotea kila mara, mtu wa juu akichelewa kufunga. Nikasema wacha nitengeneze. Inafanya kazi poa: fundi akiandika siku maji haikufika, inaipangia jioni. Nangoja muichukue."

Nilikaa chini kwenye majani. "Iko wapi?"

"Kwa kompyuta ya ofisi. Si mchoro wako unasema hivyo? Nilishuka: asili, nakala, mashini. Nikafika chini. Chini ndio mwisho."

"Kuna mstari wa kurudi," nilisema. "Ule wa nukta, pembeni."

Alisogea mbali na mashine.

"Ule? Nilidhani ni mpaka wa picha." Kisha akaanza kucheka, si kwa ubaya. "Sikiza, dada. Hapa kila shamba la mpunga liko na mifereji miwili. Mmoja unaleta maji, mwingine unatoa. Hakuna mtu anachimba mmoja peke yake, mpunga utaoza. Nikaangalia picha yako nikaona wa kuleta tu. Nikasema labda watu wa mlimani hawatoi."

Watu wa mlimani hawatoi. Nimeandika sentensi hiyo kwenye daftari kwa sababu ni kweli. Hapa kwenye mgongo wetu wa mlima maji yanatoka juu, yanapita kwako, yanaenda. Sijawahi kuona tone likirudi kwenye tangi. Nilipochora mshale wa kupanda, mkono wangu wenyewe uliufanya mwembamba. Gikonyo hakuona kasoro kwa sababu naye ni wa hapahapa, na nilimsimamisha Zamu ilipowaka. Sikuwahi kumwangalia akirudi.

Watu kumi na wanne hawakuwa wavivu. Baadhi yao wamemaliza kazi wakaketi, wakitungoja, na sisi tukiwangoja.

Jumatano, 16 Julai

Nilichora upya kabla ya gwaride, kwenye ile manila ya pili, upande wa nyuma. Hakuna juu wala chini tena. Visanduku vimekaa kwa safu, kushoto hadi kulia. Mlima nimeukata upande wa mbele nikaubandika kwenye kona. Mshale wa kwenda na mshale wa kurudi ina unene mmoja, wa kurudi ni mwekundu. Juu yake nimeandika: *Hapa bado hujamaliza. Tuma ombi la kuunganisha.*

Madam Phyllis aliupiga picha, nikamtumia Wachuka saa saba. Saa nane na dakika ishirini ombi lake lilikuwa kwenye ukurasa wa mradi. Kim alilisoma kati ya mitihani miwili, akalijaribu, akaliunganisha, na mchoro mpya akauweka mahali pa ule wa zamani. Aliandika neno moja tu: "Mmoja."

Alhamisi, 17 Julai

Simu ya Mama: "Zamu yenu ya tarehe 12 haikuwa na maji. Imerudishwa kesho, saa kumi na moja hadi saa moja jioni."

Mama aliisoma mara mbili. "Sasa hii imejua aje?"

Nilianza kumweleza, nikafika kwenye kinu cha mchele, akasema inatosha.

Ijumaa, 18 Julai

Maji yalikuja saa kumi na moja na dakika nne.

Jumatano, 23 Julai

Gikonyo ni wa pili! Aligundua kwamba ujumbe unasema "kesho", na mtandao ukichelewa watu wanausoma asubuhi wakadhani ni siku inayofuata. Aliongeza jina la siku. Mistari mitatu tu. Nilikaa nyuma yake kimya. Kidole kilienda, kikarudi kwa mshale mwekundu, kikatuma.

"Andika kwa hiyo daftari yako," alisema, "Gikonyo mhandisi."

Nimeandika.

Nilimwuliza Kim kama mimi ninaweza kuwa wa tatu. Nimeshaleta marekebisho mawili madogo.

"Wewe nilikuchorea dirishani," alisema. "Huhesabiki."

Ni haki. Nimekasirika, lakini ni haki. Amebaki mtu mmoja na siku tisa.

Jumamosi, 26 Julai

Hakuna. Wengine wamejibu barua yangu. Mmoja wa Kangema alikuwa ameacha kwa sababu kompyuta ilikuwa ya kaka yake, ikaondoka naye. Sikuwa nimefikiria hilo.

Jumatano, 30 Julai

Hakuna. Kamati imenunua kitabu kipya. Mama amekiona, kina jalada jekundu.

Alhamisi, 31 Julai

Kesho shule inafungwa. Kim alikuja alasiri kukusanya vitu vyake. Alikaa kwenye mashini ya dirishani akaandika tangazo kwa miradi yote minne: Zamu itazimwa. Lilikuwa fupi na la adabu. Alisema atalituma saa kumi na moja, maabara ikifungwa. Nilikaa kwenye mashini ya pili nikafungua ukurasa wa mradi kama kila siku.

Kulikuwa na ombi moja la kuunganisha. Liliingia saa tisa. Jina: Nimo, Nanyuki. Hakuna aliyemjua. Hakuwa katika wale kumi na wanne.

"Kim," nilisema. Nadhani nilisema kwa sauti, maana hata Madam Phyllis aligeuka.

Nimo hakuwa amegusa msimbo. Alikuwa amerekebisha mchoro wangu. Alikuwa ameandika: *Sina kompyuta. Nimefanya yote haya kwa simu, na inawezekana, lakini mchoro hauonyeshi, kwa hivyo nimeongeza kisanduku cha simu na mishale yake miwili. Nimeondoa pia mlima. Nilidhani mlima ni sehemu ya programu. Nilitafuta saa nzima pa kuubofya.*

Mlima. Nilikuwa nimeuchora kwenye kona ya kulia, na theluji yake na vilele vyake viwili, ili mtu ajue Zamu inatoka wapi. Ulinichukua Jumamosi nzima. Ndio mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na haukuwa na kazi yoyote pale.

Gikonyo alisoma juu ya bega langu. "Huyu amekufutia Mlima Kenya! Kataa."

Kim alivuta kiti. Alisoma maneno ya Nimo hadi mwisho, polepole, kama anavyosoma kila kitu. "Hakuna aliyemfundisha," alisema. "Lakini mchoro ni wako, na mimi nilishakupa ruhusa ya kuunganisha tangu Jumatano. Ukikubali, ni wa tatu. Ukikataa, utakuwa na sababu, sitakulazimisha."

Nilifungua mchoro wake kando ya wangu. Nilichukua kidole changu mwenyewe nikakiweka kwenye skrini, nikajifanya mtu wa Nanyuki mwenye simu na bila kompyuta, ambaye hajawahi kutuona. Kwenye mchoro wangu kidole kilienda moja kwa moja kwenye theluji. Ni kweli. Ndicho kitu kinachovutia jicho zaidi. Kwenye mchoro wake kilianzia kwenye simu, kikaenda kwenye nakala, kikaenda kwenye asili, na hakikusimama popote.

Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika hamsini na mbili. Nilijiuliza Nimo amekaa wapi sasa hivi, na nyumba yao ni ya ngapi kwenye laini yao.

Nilibofya "Unganisha". Mlima ukaondoka.

Kim alihesabu majina kwa kalamu bila kugusa skrini. Halafu akarudi kwenye mashini yake, akalifuta lile tangazo neno kwa neno kutoka mwisho hadi mwanzo, akasimama, akachukua koti lake.

"Madam," alisema, "usifunge bado. Kabura ana mtu wa kumjibu."